Kitambi Si Akiba

(Hotuba kwa wanachama)



Leo hatukuja kusema juu ya mishahara, bali juu ya mwili, kwa kuwa mali ya mfanya kazi ni mwili wake.

Wengi wetu mtu akiota kitambi twamsifu kwamba kazi imemkubali. Lakini kitambi si akiba. Mafuta yaliyo ndani ya tumbo, kandokando ya ini na matumbo, huizuia insulini isifanye kazi yake, na sukari hubaki katika damu. Mafuta hayohayo huyafanya mafigo yazuie chumvi, na mishipa hukaza, presha ikapanda. Ndiyo sababu magonjwa haya mawili mara nyingi hukaa nyumba moja. Yakikutana kwa mtu mmoja, hatari ya kuharibika moyo, mafigo na macho, na ya kupigwa na kiharusi, huwa kubwa zaidi kuliko ya ugonjwa mmoja.

Tena mwanzoni hayaumi. Dereva yu katika usukani, bawabu yu langoni, karani yu mezani, nao hawajui.

Basi tujipime. Zungusha utepe wa fundi wa nguo tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiisha kutoa pumzi. Shirika la Afya Duniani lasema hatari huongezeka mwanamume akipita sentimita 94, na mwanamke akipita 80. Wakipita 102 na 88, hatari ni kubwa sana. Asiye na utepe akate kamba yenye urefu wake, aikunje mara mbili. Ikiwa haitoshi kumzunguka, na aende akapimwe presha na sukari. Hata mwembamba asijivune, naye apimwe.

Dawa ya kwanza haina gharama kubwa. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 5 tu, presha na sukari huweza kushuka. Tupunguze soda, sukari ya chai na mafuta ya kukaangia. Chumvi ya siku nzima isipite kijiko kimoja cha chai. Tutembee kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa juma. Aliyepewa dawa asiziache bila shauri la daktari.

Tunajua wengine huficha ugonjwa wakiogopa kufukuzwa. Ndugu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo likizo ya ugonjwa, akiwa na cheti cha daktari: kwa mwaka, siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu. Atakayenyimwa aje kwa mwakilishi wake mara moja.

Nanyi wawakilishi, twawaomba katika mapatano yajayo mdai mashine ya kupimia presha iwekwe kazini, na mtu apewe ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa mshahara. Tusingoje ndugu aanguke ndipo tuchange.