Kuhamia Shule Mpya na Kuuza kwa Ajili ya Harambee

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wa gredi ya 6 hadi ya 9 na wazazi wao, katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia.)

Tunajua leo kuna watu wameacha majani chai shambani, na gari la kiwanda halingoji mtu.

Tumeombwa tuongee juu ya mambo mawili: kuhama shule, na kuuza vitu ili kuchangia shule. Mzee mmoja ametuuliza pale nje, mbona mnayafunga pamoja? Mzee, ni kwa sababu huku kwetu yanakuja pamoja. Mtoto akihama anahitaji sweta ya rangi nyingine, viatu na madaftari. Kabla hajajua choo kiko wapi, anapewa kadi ya harambee ya kujenga darasa. Sasa huyo mgeni ataipeleka kwa nani?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulikuwa tunachanga pesa za madawati. Tuliona ni vizuri watoto nao wasaidie. Kila mtoto alipewa trei moja la mayai ya kuchemsha, mayai 30, auze kwa shilingi 20 kila moja, alete 600. Sisi tulikuwa tumelinunua kwa 420. Hesabu ilionekana tamu kabisa.

Kulikuwa na msichana wa miaka 13 aliyekuwa ametoka kwenye kambi za chai. Baba yake alikuwa amepoteza kazi. Mnajua mashine za kuchuma chai zimepunguza kazi ya mikono katika mashamba makubwa ya Kericho. Hata ile hasira ya Mei 2023, mashine zilipochomwa moto, ilitoka huko. Basi mtoto akaletwa kwa nyanya yake, akaingia shule ya kijijini ambako hakuwa na rafiki hata mmoja. Kambini walizoea kuongea Kiswahili na watoto wa kila kabila. Hapa wenzake walicheza kwa Kikipsigis, na Kikipsigis chake kilikuwa kizito kidogo, wakamcheka.

Huyo ndiye tuliyempa trei. Mayai 4 yalipasuka njiani. Mayai 8 yalichukuliwa na watu wazima waliomwambia, "Mtoto wangu, nitakulipa siku ya bonasi." Akauza 18, akapata shilingi 360. Ilibaki 240. Wakati huo tulikuwa na desturi ya kusoma majina ya waliopunguza pesa mbele ya mkutano wote. Mtoto alijua. Akakaa siku nane bila kwenda shule. Asubuhi anavaa yunifomu, anamuaga nyanya, anashinda kwenye kichaka cha mikaratusi karibu na mto mpaka jioni. Ni mama mmoja aliyekwenda kutafuta kuni ndiye aliyemkuta.

Tulipouliza ni nani waliokula yale mayai 8, wawili walikuwa wanachama wetu, na mmoja wao alikuwa ameketi kwenye meza ya kamati. Hatutasema zaidi ya hapo, isipokuwa kwamba walilipa siku hiyo hiyo, na desturi ya kusoma majina ilikufa pale pale.

Sasa vijana, tuongee na nyinyi. Ukipewa kitu cha kuuza, uliza kwanza: pesa hii ni ya nini, na nani atanipa risiti? Hiyo siyo kukosa adabu. Andika kwenye daftari vitu ulivyopokea, vilivyouzwa, vilivyoharibika. Kikipasuka, andika kimepasuka, usiogope. Msiuze kwa deni, hata kwa mjomba. Mwambie kwa heshima, "Mjomba, hii ni mali ya kikundi, mimi sina ruhusa." Mweke kikundi mbele yako kama ngao, ndiyo kazi yake. Hilo neno "siku ya bonasi" nalo mlisikilize kwa makini. Oktoba 2025 wakulima wengi wa Kericho na Bomet walilalamika kwamba bonasi yao ilikuwa ndogo sana wakilinganisha na wenzao wa Mlima Kenya. Mtu aliyekopa yai akingojea siku hiyo, yai lenyewe limelipiwa na nani?

Nendeni wawili wawili. Msikimbilie magari barabarani, iwe ni Kapsoit, Silibwet au Sotik, na msiingie nyumba ya mtu eti anatafuta chenji. Jua likianza kushuka, rudini na kilichobaki. Wakati wa masomo ni wa masomo, hata kama ni siku ya soko.

Kuhusu kuhama. Kuna makaratasi, na hapa wazazi wasikie pia. Usitoke shule ya zamani bila barua ya kuhama, ripoti zako, na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mwalimu mkuu wa zamani lazima aachilie jina lako kwenye mfumo wa kompyuta wa Wizara ya Elimu ndipo yule mpya akupokee. Kama halijahama, mwili wako uko Bomet na jina lako liko Kericho. Hili siyo jambo dogo siku hizi. Alama za mwisho wa gredi ya 9 hazitoki kwenye mtihani mmoja. Asilimia 20 inatoka tathmini ya gredi ya 6, asilimia 20 inatoka kazi za shuleni za gredi ya 7 na 8, na 60 ndiyo mtihani wenyewe wa gredi ya 9. Aliyehama katikati na alama zake zikapotea njiani, amepoteza jasho la miaka miwili. Kwa hiyo uliza wewe mwenyewe, "Mwalimu, alama zangu za kule zimefika?" Uliza tena baada ya wiki mbili.

Halafu kuna upweke. Hatuna dawa yake ya chupa. Wiki za kwanza ni ndefu, na wengine mtasema tumbo linauma kila Jumatatu. Tafuta mtu mmoja tu, siyo darasa zima: yule mnayetembea naye njia moja, au anayekaa nyuma peke yake kama wewe. Ukichekwa lugha, cheka kidogo nawe kisha uliza neno hilo linasemwaje. Yule msichana wetu alipata rafiki kwa njia hiyo, na rafiki mwenyewe ndiye aliyekuwa amemcheka kwanza. Na nyinyi mliokaa hapa tangu chekechea, mgeni akija, mwonyesheni bomba la maji liko wapi. Inachukua dakika moja.

Wazazi na viongozi, yetu ni mafupi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza ada ya kumwandikisha mtoto. Michango mingine lazima ipate kibali cha serikali, itolewe risiti, na mtoto asinyimwe masomo kwa sababu hajalipa. Kwa hiyo kadi ya harambee isigeuzwe kuwa tiketi ya kuingia darasani. Ukiona inageuzwa, usimtume mtoto kubishana. Nendeni watatu au wanne wa kikundi, muongee na mwalimu mkuu kwa upole, na msipoelewana mwende kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Sisi tumebadilisha hivi: anayehamia kijijini kwetu hauzi chochote muhula wa kwanza. Baadaye akitaka, anauza pamoja na mwenzake, kikundi kinabeba hasara ya vilivyoharibika, na pesa zinahesabiwa na mweka hazina akiwa na mtoto na mzazi tu. Wengine walisema tunawadekeza. Madawati yalipatikana, ingawa yalichelewa muhula mmoja.

Trei za mayai za mwezi huu ziko pale kwa mweka hazina. Ni sita tu. Wanaotaka kuuza Jumamosi waje na daftari na mzazi, na wale wawili ambao bado wana deni la mwezi uliopita, ambao ni watu wazima, tutaonana nao hapo nje chini ya mti.