Plagi za Motakaa

Leo nataka kuwaeleza habari za plagi, chombo kidogo kiwashacho petroli ndani ya injini. Injini ya dizeli haina plagi za namna hii, kwa maana hewa yake hubanwa hata ikapata moto wa kuwasha mafuta.

Wazee wetu waliosafiri kwa misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walipita Mgunda Mkali, pori kubwa lenye maji machache. Mwaka 1857 Bwana Burton aliondoka pwani mwezi wa Juni, akafika Kazeh, penye Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Kirangozi mwenye akili hakuingia pori lile asipotazama kwanza maji na mizigo. Dereva naye na atazame plagi zake nyumbani, asingoje kukwama porini.

Kwanza, ache injini ipoe, kwa maana plagi ikifunguliwa ingali na moto huweza kuharibu meno ya tundu lake. Pili, atie alama katika kila waya, zisije zikabadilishana mahali. Tatu, apulize vumbi lililozunguka plagi. Nchi ya Unyamwezi ina mchanga mwingi, na mchanga ukiingia katika silinda huikwaruza.

Akiisha kuitoa, aitazame ncha yake. Ikiwa na rangi ya kahawia, injini ni nzima. Ikiwa na masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Pengine chujio la hewa limezibwa na vumbi. Ikilowa oili, huenda ringi za pistoni zimelika. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini yapata moto kupita kiasi. Basi, kubadili plagi bila kuondoa sababu ni kama kufuta jasho la mwenye homa usimpe dawa.

Plagi iliyopasuka kauri, au iliyolika ncha, itupwe. Mpya iwe ya namba ile ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, kwa maana iliyo ndefu mno huweza kugongwa na pistoni. Mwanya wake upimwe. Katika injini nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 1.1. Ukihitaji kusahihishwa, ikunjwe ncha ya pembeni tu, ile ya katikati isiguswe. Kisha plagi iingizwe kwa vidole mpaka ikae, ndipo ikazwe kwa spana, wala isikazwe kwa nguvu nyingi.

Kazi hii haimalizi hata saa moja. Lakini fikirini motakaa imezimika usiku kati ya Tura na Tabora, na ndani yumo mama mwenye uchungu wa kuzaa. Hapo ndipo dereva ajutiapo saa ile moja aliyojinyima kazi.