MSHAHARA NI HAKI, BAKSHISHI NI HISANI

(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa watumishi wa hoteli)



Baadhi yenu mmeniuliza: je, ni haki tajiri kuhesabu bakshishi ya mgeni kuwa sehemu ya mshahara? Nitawajibu kwa habari za Marekani, maana huko jambo hili limejaribiwa miaka mingi.

Sheria ya nchi nzima yataka mfanyi kazi asilipwe chini ya dola 7.25 kwa saa. Lakini kwa mtumishi apokeaye bakshishi, tajiri aruhusiwa kutoa dola 2.13 tu, na zilizobaki zijazwe na wageni. Zisipojaa, sheria yasema tajiri aongeze. Lakini ni nani atakayedai? Ni mtumishi mwenyewe, naye aogopa kufukuzwa.

Hiyo 2.13 iliwekwa mwaka 1991, nayo ilikuwa nusu ya mshahara wa chini. Mwaka 1996 Bunge lao lilikata kamba iliyounganisha viwango hivi viwili. Mshahara wa wengine ukapanda hadi 7.25 mwaka 2009, ukakwama hapo. Ile 2.13 haikusogea hata senti moja. Sasa haifiki theluthi, na bei za vitu hazikungoja.

Tazameni majimbo yaliyofanya vingine. Katika Washington, wananchi walipiga kura mwaka 1998 kwamba mshahara wa chini upande kila mwaka kufuata bei za vitu. Mwenye bakshishi na asiye nayo wana kiwango kimoja: mwaka 2025 kilikuwa dola 16.66. Arizona pia huongeza kila mwaka. Huko tajiri aweza kumpunguzia mwenye bakshishi dola 3, hivyo mwaka 2025 viwango vilikuwa 14.70 na 11.70. Kupunguziwa si kuzuri, lakini angalau wote hupanda pamoja.

Ndugu zangu, mshahara usiofuata bei hupungua ijapokuwa tarakimu ni ile ile. Na bakshishi ni ya mgeni kutoa au kutotoa. Mpishi na muosha vyombo hata hawamwoni huyo mgeni.

Basi katika mkataba wetu tudai mambo mawili yaandikwe: nyongeza ya kila mwaka kwa kufuata bei, na bakshishi isiguswe katika hesabu ya mshahara. Tusikubali ahadi ya mdomo. Kila mmoja alete karatasi yake ya mshahara kwa mwakilishi wake, ili tuingie mezani na hesabu mkononi.