KUDHIBITI SUKARI YA DAMU: DAWA PEKEE HAITOSHI

(Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi)



Maradhi ya kisukari cha aina ya pili yamo majumbani mwetu, mjini na mashamba, Unguja na Pemba. Jambo linalostahiki kuzingatiwa ni kwamba watu wawili huandikiwa dawa moja kwa kipimo kimoja, lakini sukari ya mmoja hutulia na ya mwenziwe hubaki juu. Tofauti hiyo ina sababu zake, na nyingi zimo mikononi mwa mgonjwa na jamaa zake.

Sababu ya kwanza ni kuacha dawa. Sukari iliyopanda haiumi. Mgonjwa akijihisi mzima hudhani amepona, ilhali mishipa ya macho, figo na miguu inaendelea kuharibika kimya kimya. Uchunguzi ulioanza Uingereza mwaka 1977 na kuwasajili wagonjwa zaidi ya 5,000 ulitoa matokeo yake mwaka 1998: waliodhibiti sukari kwa karibu zaidi walipungukiwa na madhara ya mishipa midogo ya damu kwa kiasi cha robo.

Ya pili ni chakula. Wengi huacha sukari ya chai, na hilo ni jema. Lakini boflo, wali, muhogo na ndizi navyo hugeuka sukari mwilini. Si lazima mgonjwa apikiwe chungu chake peke yake. Nyumba nzima ipunguze wali na izidishe mboga na samaki.

Ya tatu ni kukaa kitako, na hii inatuhusu hasa sisi wa maofisini. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, kunatosha kuanzia.

Ya nne ni homa, vidonda, wasiwasi na kukosa usingizi. Hayo hupandisha sukari hata kwa aliyekula vyema.

Ndugu Wananchi, mwezi wa Ramadhani unahitaji hadhari ya pekee. Insulini na baadhi ya vidonge, kama vile glibenklamidi, huweza kuishusha sukari kupita kiasi kwa aliyefunga. Mgonjwa amuone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mfungo, wala asibadilishe kipimo kwa rai yake. Akitetemeka, akitoka jasho au akichanganyikiwa, au sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, na afungue papo hapo kwa kitu kitamu. Sheria imempa mgonjwa ruhusa, basi asione haya. Ama kutoboa kidole kwa ajili ya kupima, wanazuoni wengi wamesema hakubatilishi saumu.

Kwa watu wazima wengi, lengo kabla ya kula ni milimoli 4.4 hadi 7.2 kwa lita. Kipimo cha wastani wa miezi 3 kisizidi asilimia 7. Kwa wazee, daktari huweza kuweka lengo jengine.

Mwisho, nawaomba wakuu wa kazi wasimzuie mtumishi siku yake ya kliniki. Ruhusa ya asubuhi moja ni nyepesi kuliko kumpoteza mfanyakazi aliyekatwa mguu au aliyepofuka.