Hodi ya Bara: Ushairi wa Kisasa na Utambulisho wa Taifa nchini Tanzania



1.0 Utangulizi

Uyole ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia huachana hapa na ile iteremkayo Tukuyu na Kyela hadi mpaka wa Kasumulu. Msafwa, Mnyakyusa, Mkinga na Mbena huuziana hapa viazi na maharage kwa Kiswahili, na wengi wao warudipo nyumbani huwasalimu wazee wao kwa lugha nyingine. Kwa watu wa namna hii, ambao ndio wengi katika nchi yenye lugha zaidi ya 120, Kiswahili ni lugha ya taifa kabla ya kuwa lugha ya moyo.

Mhadhara huu unakusudia kujadili swali moja: je, ushairi wa kisasa umechangia nini katika kumfanya mtu wa bara ajione mwenyeji katika Kiswahili? Hoja inayotetewa ni kwamba mchango mkubwa wa ushairi huo haukuwa kulisifu taifa, bali kuupanua mlango wa lugha yake. Hata hivyo, kazi hiyo imefika nusu ya njia tu.

2.0 Ushairi wa Kulisifu Taifa

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi walitarajiwa kuwa wahubiri wa siasa mpya. Aliyeitikia kwa nguvu kubwa ni Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma, ambaye tungo zake zilichapishwa katika Ngonjera za UKUTA. Shuleni, watoto walijipanga pande mbili, upande mmoja ukiuliza na kupinga, upande mwingine ukijibu na kufundisha.

Haifai kuidharau kazi hiyo. Mnyampala, sawa na Saadani Kandoro, anathibitisha kuwa watu wa bara waliweza kuzimudu arudhi ambazo Amri Abedi alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi. Ngonjera zilimpa mtoto wa kijijini nafasi ya kusimama mbele ya wazazi wake na kusema Kiswahili fasaha bila woga.

Lakini ngonjera ina mpaka wake. Kwa kawaida huishia kwenye mwafaka: asiyejua huelimishwa, anayepinga hukubali. Utambulisho wa taifa huwasili ukiwa jibu lililokwisha kuandaliwa, na mtamkaji wake hukabidhiwa maneno bila kuulizwa ametoka wapi. Tena inafaa kuangaliwa kwamba Mnyampala huyo huyo aliandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo (1954). Urithi wa kwao ulipata kitabu chake cha nathari. Ngonjera zikaachiwa mzigo wa siasa ya nchi.

3.0 Mgogoro wa Miaka ya Sabini

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha diwani ya Kichomi. Ndani yake mlikuwa na mashairi yasiyofuata vina na mizani, yaliyotungwa kwa lugha iliyo karibu na mazungumzo ya kila siku. Mwaka 1976 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walitoa Malenga wa Bara. Jina hilo lastahili kutafakariwa. Miaka mitano kabla yake Ahmad Nassir wa Mombasa alikuwa ametoa Malenga wa Mvita, na "malenga" ni neno la heshima katika mapokeo ya pwani. Kuliunganisha na "bara" kulikuwa ni kudai kiti barazani.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), aliutetea urithi wa Waswahili wenyewe. Kwa watetezi wa mapokeo, utungo huimbwa, na vina na mizani ndivyo vinavyoushika wimbo. Kuuita ushairi wa Kiswahili kitu kisichoimbika ni kumnyang'anya mwenye nyumba jina la nyumba yake. Hofu hiyo haikuwa ya wivu tu. Taifa changa lilikuwa limeichukua lugha ya watu wa pwani likaifanya ya wote, na ilikuwa haki yao kuuliza kama wao wenyewe wangesahauliwa.

Jibu la wanamabadiliko halikuwa kuiga Ulaya peke yake, ingawa walikuwa wamesoma fasihi ya Ulaya. Mulokozi na Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), walisisitiza kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi wote. Baadaye Mulokozi aliufanyia utafiti wa kina utendi wa enanga wa Wahaya, ambao hughaniwa kwa zeze la nyuzi bila kufungwa na vina vya pwani. Mtu wa Iringa hahitaji kufafanuliwa jambo hili kwa kirefu, kwani Wahehe wana ligombo, ala iliyo ndugu wa enanga: nyuzi zilizowambwa juu ya ubao uliochongwa kama kihori. Mghani wa ligombo hahesabu mizani kumi na sita, wala hakuna mzee anayemwambia kwamba anachokiimba si wimbo.

Hapa ndipo ulipo mchango wa ushairi wa kisasa. Ulikubali kwamba sikio la Mtanzania limelelewa na ngoma nyingi, na kwamba Kiswahili kinaweza kuzibeba zote. Aidha, ulimruhusu mshairi kulihoji taifa badala ya kulipigia makofi. Diwani ya pili ya Kezilahabi, ya mwaka 1988, iliitwa Karibu Ndani. Bara ilikuwa imebisha hodi, na sasa nayo ilikuwa inakaribisha.

Mulokozi huyo huyo, mzaliwa wa Kagera, aliandika kwa Kiswahili tamthiliya ya Mukwava wa Uhehe (1979). Zipo tungo za Kiswahili za enzi ya Wadachi ambamo watawala walisifiwa na waliowapinga walilaumiwa. Kwamba shujaa wa Lugalo wa mwaka 1891 alikuja kusimuliwa kwa heshima, kwa lugha ile ile, na mtu wa Ziwa Nyanza, ni dalili kwamba lugha ilikuwa imebadilisha upande.

4.0 Darasani

Hata hivyo, utambulisho hujengwa zaidi darasani kuliko makongamanoni. Kwa miaka mingi katika karne hii, mwanafunzi wa sekondari wa Mbeya au Iringa amesoma ushairi kupitia vitabu teule kama Wasakatonge na Fungate ya Uhuru vya Mohammed Seif Khatib, Malenga Wapya ya TAKILUKI, Kimbunga ya Haji Gora Haji na Chungu Tamu ya Theobald Mvungi. Ni vitabu vizuri, na vingi vyao vimetoka Zanzibar.

Kimbunga (1994) inatoa funzo la pekee. Haji Gora Haji (1933–2021) alizaliwa Tumbatu, na tungo zake zina ladha na msamiati wa kwao. Mwanafunzi wa nyanda za juu hukutana na maneno ambayo hayajui. Mwalimu humweleza, naye huyajua. Hakuna aliyesema kwamba taifa limegawanyika kwa sababu ya neno la Tumbatu.

Ikiwa kisiwa kidogo kimeweza kuingia darasani na lugha yake, kwa nini "kamwene" ya Mhehe au "ugonile" ya Mnyakyusa isiweze kusimama katika shairi la Kiswahili bila kuomba radhi? Mkataa wa kuwa lahaja ni Kiswahili na lugha hizi siyo ni sahihi kwa mwanaisimu. Kwa mshairi hautoshi, kwa sababu Kiswahili kimekuwa kikikopa tangu zamani, na hakikudhoofika.

5.0 Hitimisho

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kimetoa aina za maharage zinazobeba jina la mahali hapa, kama vile Uyole 94 na Uyole 96. Mkulima wa mbali huipanda mbegu hiyo katika udongo wake na kuiita kwa jina la kwao iliyotoka, wala haioni kuwa mbegu ya wageni. Ushairi nao unaweza kwenda hivyo.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, walimu wasiishie kumpima mwanafunzi kwa kuhesabu vina na mizani. Wamuulize pia shairi linamweka wapi msomaji wake. Pili, nyimbo za ligombo, za mavuno na za misiba zikusanywe wakati waghani wake wangali hai. Tatu, vyuo na wachapishaji wawape nafasi washairi chipukizi wa nyanda hizi, watunge kwa arudhi au kwa mtindo huru.

Mlango uliofunguliwa mwaka 1974 haujafungwa. Lakini hodi hupigwa na aliyefika mlangoni, na vijana wa Uyole ndio waliobakia kufika.