Kuwakinga Wazee Wetu Wasianguke Nyumbani

Wahenga walisema, "Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele." Kwa kijana maneno hayo ni kweli. Walakini kwa mzee kujikwaa mara nyingi ndiko kuanguka, na kuanguka kwaweza kuwa mwanzo wa kulala kitandani asiinuke tena. Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari ya jambo hilo.

Watu wengi hudhani ya kuwa kuanguka ni desturi ya uzee, kama mvi. Sivyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wafao zaidi. Lakini kila anguko lina sababu zake, na nyingi katika hizo zimo nyumbani mwetu, mbele ya macho yetu.

Tutawaeleza yaliyotupata sisi wenyewe. Alfajiri moja mama yetu alijikwaa kizingitini, akaenda chini. Hakuvunjika mfupa. Sisi watoto wake tukashikwa na hofu, tukamwambia, "Mama, sasa kaa kitako. Maji tutakuletea, kuni tutachanja, na uani usitoke peke yako." Tulidhani hiyo ndiyo heshima. Miezi michache ikapita, naye akawa hawezi kuinuka kitini ila kwa kushikwa mikono. Ndipo akaanguka tena, pale pale mlangoni, nyonga ikavunjika. Baadaye tulipata kujua kwamba katikati alikuwa ameanguka mara nyingine, akaficha, asije akanyimwa hata kwenda kumwamkia jirani yake. Hapo tukafahamu kosa letu: tulimkalisha mama, bali kizingiti hatukukigusa.

Basi, na tuanze na nyumba, si na mzee. Mzee huamka usiku kwenda chooni. Taa iwe karibu na mkono wake, na njia yake isiwe na ndoo, mawe, wala kamba ya mbuzi. Mkeka uliojikunja pembe uondolewe njiani. Sakafu ya saruji iliyolowa maji ya sabuni ikaushwe mara moja. Chooni upigiliwe ukutani mti imara wa kushikia. Kitanda kisiwe chini mno wala juu mno: mzee akikaa ukingoni, nyayo zake zote mbili zikanyage chini. Ndara zilizolegea zitupwe, avae viatu vinavyoshika kisigino.

Kisha tuuangalie mwili. Mzee akiamka asisimame kwa ghafula, bali akae kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kizunguzungu kipite. Dawa za usingizi, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zaweza kuleta kizunguzungu. Aulizwe daktari, wala zisiachwe bila shauri lake. Macho yakiwa na ukungu yapimwe, maana mtoto wa jicho hutolewa. Fimbo nayo ina kipimo chake: mzee akisimama wima na mkono ukining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Ncha yake ivalishwe mpira, na mwenye mguu mmoja mbovu aishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima.

Zaidi ya yote, miguu isiyotumika hulegea. Wataalamu waliokusanya matokeo ya majaribio mengi, wakayatoa mwaka 2019, waliona kwamba mazoezi hupunguza maanguko ya wazee karibu kwa robo. Si mazoezi ya askari. Mzee ashike meza nzito, ainue visigino na kuvishusha. Akae kitini na kuinuka mara chache, tena kila siku, huku mtu akiwa karibu naye. Mwacheni achambue mchele na kutembea hadi kwa jirani.

Naye akianguka, msimwinue kwa pupa. Mwulizeni kwanza aumwa wapi. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenziwe, au umepinduka nje, au hawezi kuukanyagia, asikandwe wala asivutwe, apelekwe hospitali. Wala msimcheke, wala msimkemee, asije akaficha anguko la pili.

Mama yetu alirudi kutoka hospitali akitembea kwa fimbo. Siku ile ile tulikikata kizingiti. Ilikuwa kazi ya saa moja.

Kesho asubuhi, kabla hamjatoka, tembeeni pamoja na mzee wenu, polepole, toka kitandani hata chooni, mkamwulize ni wapi hujikwaa. Yeye apajua. Kwaherini.