Mwaka Mmoja Katika Nyumba ya Wamarekani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Tawi la Mwanza)



Katibu aliniomba nizungumze juu ya maisha ya mwanafunzi apelekwaye Marekani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nilikubali upesi, kwani najua ombi hili halikuja bure. Wako wenzetu ambao watoto wao wamekwisha leta fomu nyumbani, nazo zangoja sahihi ya mzazi. Basi sitawasimulia habari za maghorofa. Hayo mmeyaona katika picha. Nitasema yale ambayo mzazi angependa kuyajua kabla ya kushika kalamu.

Mpango ulionichukua mimi ulianzishwa mwaka 2002, baada ya mashambulio ya Septemba 2001, na unaitwa kwa majina ya maseneta wawili, Edward Kennedy wa Massachusetts na Richard Lugar wa Indiana. Ulikusudiwa hasa vijana wa sekondari wa nchi zenye Waislamu wengi, ingawa Wakristo nasi tulikuwamo. Lakini safari za namna hii ni za zamani kuliko hapo. Mwaka 1959 Tom Mboya alifanya bidii kubwa hata ndege moja ikawachukua wanafunzi 81, wengi wao Wakenya, mpaka New York. Na mwaka huo huo Barack Obama, yaani yule baba, alitoka Kenya akaenda kusoma Hawaii. Huyo nitamrudia.

Mimi nilikwenda mwaka 2008, umri wangu miaka 17, nikakaa katika mji mdogo wa jimbo la Minnesota hata Juni 2009.

Kwanza juu ya nyumba. Wengi hudhani ya kuwa wenyeji hulipwa. Sivyo. Walionipokea hawakupewa mshahara wowote kwa kitanda changu wala kwa chakula changu, nami nilipojua hayo nilikula kwa adabu zaidi. Tena sikuwa mgeni wa kuketi sebuleni. Niliosha vyombo, nilitoa takataka, nilifua nguo zangu, na wakati wa baridi niliamka mapema kuondoa theluji kwa koleo njiani mbele ya nyumba kabla basi la shule halijafika. Baba mwenyeji, mtu mwenye mvi, alipika kila Jumatano, amevaa aproni bila haya yoyote. Jambo hili nalisema taratibu, maana mke wangu amekaa pale nyuma.

Taabu yangu kubwa nyumbani mle ilikuwa majina. Walitaka niwaite kwa majina yao matupu, kama watu wa rika langu. Ulimi ulikataa kabisa. Tangu utoto sikupata kumpita mtu mzima bila shikamoo, na lugha yao haina neno hilo wala linalokaribia. Mwisho nikawaita Baba na Mama kwa Kiswahili. Walifurahi mno, wakidhani nawafundisha lugha.

Shuleni mwalimu hukaa katika chumba chake, na wanafunzi ndio wahamao kila kengele ilipolia. Hakuna sare, hakuna kusimama mwalimu aingiapo, wala hakuna kiboko, kwani sheria ya jimbo lile ilikikataza mwaka 1989. Mwanafunzi humwambia mwalimu waziwazi, "Mimi sikubaliani nawe," naye mwalimu humwuliza, "Kwa nini?" Sisi tuliolelewa katika shule za misheni tulifundishwa kujibu tuulizwapo. Mwezi mzima nilinyamaza, hata mwalimu wa historia akaandika nyumbani kuuliza kama ni mgonjwa.

Ninyi wa hesabu mtalipenda hili: bei iliyoandikwa juu ya kitu dukani siyo uilipayo. Kodi ya mauzo huongezwa mezani kwa karani. Wakati ule kodi ya jimbo ilikuwa asilimia 6.5, basi daftari la dola 1 nililipia dola 1 na senti 7. Na Jumapili ya kwanza ya Novemba watu wote walirudisha saa zao nyuma kwa saa moja, kwa amri ya sheria. Mimi niliyekuwa bado natafsiri saa za kizungu ziwe za Kiswahili nilipotea kabisa siku ile.

Baridi yenyewe haielezeki kwa mtu wa Mwanza. Januari kipimo kilishuka zaidi ya digrii 20 chini ya sifuri kwa hesabu yao ya Farenhaiti, yaani karibu 29 chini ya sifuri kwa hesabu yetu. Ziwa liliganda. Barafu ya unene wa inchi 4 humchukua mtu, na ikizidi sana huchukua hata gari. Watu hujenga vibanda juu yake, hutoboa tundu, wakaketi wakivua. Nilipomweleza mjomba wangu, mvuvi wa Ukerewe, alisema elimu imeniharibu.

Sasa nafika kwenye mambo mazito. Hapa nyumbani mimi ni Msukuma, ni mtoto wa fulani, ni karani. Kule, siku ya kwanza, nilikuwa mtu mweusi basi. Wanafunzi waliniuliza kama Afrika tuna nyumba. Hao niliwajibu kwa kicheko, maana walitaka kujua kweli. Lakini katika duka moja mtumishi alinifuata rafu hata rafu, wala hakumfuata mwenzangu mweupe niliyeingia naye. Mwenzangu hakuona kitu. Mimi mwenyewe sikuelewa mpaka kijana mmoja Mmarekani mweusi, tuliyekutana Minneapolis, alinieleza kwa upole kama mtu aelezaye njia ya kwenda stesheni. Alishangaa kwamba nimefika miaka 17 bila kuambiwa.

Na katika mwaka huo huo, tarehe 4 Novemba, mtoto wa yule mwanafunzi wa Hawaii alichaguliwa kuwa Rais. Baba mwenyeji, ambaye hakumpigia kura, alinipa mkono akasema hongera, kana kwamba ni ndugu yangu. Mambo haya mawili yalikuwa katika nchi moja, na sijaweza kuyapatanisha hata leo.

Februari babu yangu, aliyenilea, alifariki. Wazee walikaa wakashauriana, wakaamua nisiambiwe mpaka nimalize masomo. Baba alivumilia siku 11, kisha akapiga simu. Babu alikuwa amekwisha zikwa, na matanga yamekwisha anuliwa. Jioni ile majirani walileta vyakula katika mabakuli yaliyofunikwa, sawasawa na kwetu, nikafarijika. Lakini kila mmoja alisimama mlangoni dakika chache, akasema pole, akaenda zake. Hakuna aliyelala. Usiku mama mwenyeji aliona taa yangu inawaka. Akaleta blanketi, akaketi sakafuni hata alfajiri, bila kusema neno. Sijui nani alimwambia kuwa hivyo ndivyo ifanywavyo.

Mwanachama mmoja ameniuliza faraghani kama binti yake aende. Nasema aende. Ila ajue kwamba huko yupo msimamizi ambaye kazi yake ni kuwasiliana naye kila mwezi, na akiwa hana raha nyumbani anapoishi amwambie, asione aibu kama ya mgeni wa kwetu. Ajue pia kwamba aliyegharimiwa na serikali hutakiwa kurudi na kukaa kwao miaka miwili kabla ya kupewa viza za kuhamia kule au za namna fulani za kazi; asiende na mawazo ya kubaki. Tena msimpigie simu kila siku, maana atakuwa amelala kule na masikio yake yako huku.

Na kabla hajapanda ndege, mwulizeni neno moja: tukifiwa, tukuambie siku ile ile, au tungoje? Jibu lake liandikwe, na wazee wote wa ukoo walijue. Mimi sikuulizwa.

Wenye fomu wazilete Jumamosi baada ya saa saba mchana, tuzisome pamoja, kwani Kiingereza chake ni cha kisheria na kina maneno mengi. Sasa, Bwana Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.